Mguu Mwekundu na Mate ya Bwana Anselmo

Siku ya kuniaga mliniletea keki yenye picha yangu juu, mkanikatia kipande chenye pua. Nikakila. Kisha wewe Neema ukaniomba niandike niliyoyaona katika karakana ile tangu nilipoingia, ili wewe na Odhiambo msirudie makosa yangu, mwanzishe ya kwenu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nyinyi wawili mnakisoma, na kwa Kiingereza nimeshaandika ripoti za kujaza kabati. Vyeo na mishahara naviacha. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huohuo mnaopewa.

Niliingia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sikuingia kama fundi. Niliingia na ndoo. Tanga nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno kwa miaka kumi na moja. Toronto waliniambia vyeti vyangu ni vizuri sana, wakanipa fagio. Nilikuwa nikitoka Etobicoke alfajiri kwenda kusafisha ofisi tatu katika jengo lile la Parkdale mnalolijua, wakati huo chini kukiwa na duka la magodoro, na karakana ya kukarabati picha za zamani za kuchorwa ilikuwa juu kabisa. Siku ya kwanza niliambiwa nisiguse chochote kilicho mezani. Nikapiga deki sakafu yote, meza nikaziacha na vumbi lake. Mwenye karakana alisema hajawahi kupata mfanyakazi anayesikia agizo hadi mwisho.

Mwenye karakana, ambaye nyinyi hamkumkuta, alikuwa Bwana Anselmo. Alikuwa Mgoa wa Nairobi, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mtu wa kuvaa tai chini ya aproni. Kazi aliisomea Uingereza, akaileta Kanada pamoja na kisanduku cha brashi na tabia ya kutomwamini mtu anayefanya haraka. Kwa miezi miwili tulisalimiana kwa Kiingereza, kila mmoja akijikaza, mpaka siku nilipogonga kidole cha mguu kwenye bomba la joto nikasema neno ambalo sitaliandika hapa. Akainua kichwa kutoka kwenye picha.

"Kumbe wewe ni wa kwetu," akasema.

Tangu siku hiyo aliniita Mama Salma, kwa jina la binti yangu, nami nikabaki kumwita Bwana Anselmo kwa kuwa tai ile haikuniruhusu jina fupi zaidi. Tuliongea Kiswahili kutwa nzima, chake cha Nairobi na changu cha Tanga, na mara nyingi kila mmoja alimhurumia mwenzake kimoyomoyo.

Ufundi niliupata kwa sababu ya pamba. Mnajua kwamba pamba ya kazi yetu hainunuliwi tayari. Inasokotwa kwenye kijiti cha mwanzi, iwe laini nchani na imekazwa kwenye shina, isije ikachomoka ikamwacha fundi anaikwaruza picha kwa mti mtupu. Bwana Anselmo alikuwa anazisokota vibaya. Nilimtazama wiki nzima nikiwa na ufagio mkononi, nikavumilia, kisha siku moja nikaweka ufagio chini nikamsokotea tano, kama tulivyokuwa tukisokota za kuwekea kwenye ufizi. Akazipitisha chini ya kioo cha kukuzia, moja baada ya nyingine, akaniuliza kama naweza kutengeneza mia kabla ya saa sita. Jumatatu iliyofuata nilikuja bila ndoo.

Mwaka wote wa kwanza nilisokota pamba na kuangalia. Mwaka wa pili nikaruhusiwa kutumia mate. Najua Odhiambo bado anaona kinyaa, nami simlaumu, kwa sababu hata mimi niliambiwa jambo hili nikadhani natahiniwa. Lakini kwa uchafu wa juu, wa moshi na vidole na mafuta, hakuna kitu dukani kinachoshinda mate ya mtu aliyekwisha kusukutua. Unazungusha pamba ulimini, unaizungusha kwenye picha, unaitazama, unaitupa kwenye bahasha yake, unachukua nyingine. Kwenye ripoti tunaandika "myeyusho wa vimeng'enya". Wateja wanapenda neno hilo, na baadhi wameniomba niwauzie chupa.

Bwana Anselmo alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, kila kinachofanyika kiandikwe kwenye daftari la kazi siku hiyohiyo, kiwe cha kujivunia au cha kuficha. Tuliwahi kupewa mchoro wa ng'ombe wa Quebec, nikamsafisha tumbo, ukatokea mguu wa tano. Mchoraji alikuwa amebadili mawazo. Mwenye picha akakataa katakata kumpokea ng'ombe huyo nyumbani kwake, ikabidi mguu ufunikwe tena. Daftarini Bwana Anselmo aliandika: mguu wa tano, wa asili, umefichwa kwa ombi la mwenye ng'ombe. Sheria ya pili ilikuwa kutazama pamba kabla ya kutazama picha. Picha itakupendeza, alikuwa akisema, lakini pamba ndiyo itakayokuambia ulichokiondoa.

Sasa nije kwenye ile picha ambayo Neema huniuliza habari zake kila mara, kwa sababu ameona ukurasa wake daftarini una mstari wangu mmoja usiosomeka.

Ililetwa na mtu mmoja wa Unionville, Nizar, Ismaili mwenye duka la miwani. Familia yake ilitoka Moshi miaka ya sabini, ila yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Toronto. Marehemu baba yake alikuwa mtoa dawa. Mlowezi mmoja wa kahawa alipokuwa anaondoka aliuza vitu vya nyumbani kwake, na baba Nizar akaenda kununua kabati. Picha ilikuja na kabati. Walipohamia Kanada kabati lilibaki, picha ikaja, na Nizar hakuweza kunieleza kwa nini. Tangu hapo ilining'inia kwenye chumba cha kulia, ikitazamana na mlango wa jikoni. Mama yake, Bi Shirin, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na akiwa na macho mapya aligundua kwamba picha imekuwa nyeusi. Alitaka kuiona tena kabla macho hayajaharibika mara ya pili.

Nyeusi ilikuwa kweli. Miaka arobaini ya bajia na samaki ilikuwa imeganda juu yake. Bwana Anselmo aliigeuza, akasoma misumari na mbao za nyuma, akasema ni ya Mfaransa, karne ya kumi na nane, hakuweka jina lake na pengine alifanya vizuri. Mandhari alinieleza yeye. Ni hekaya ya Wagiriki: mfalme wa kisiwa karudi nyumbani baada ya miaka ishirini ya vita na kupotea, kajifanya ombaomba ili maadui waliojaa nyumbani kwake wasimjue. Anaambiwa aoshwe miguu kama mgeni. Anayemwosha ni yaya wake mzee aliyemlea, naye anapopitisha mkono mguuni anagusa kovu la zamani, anamjua palepale, na beseni linamponyoka. Mchoraji alichora sekunde hiyo. Yaya kainua uso, mdomo wazi, mfalme anataka kumziba, maji yanamwagika, mbwa anayakwepa. Na kwenye muundi wa kulia wa mfalme, chini ya masizi yote yale, lilionekana doa jekundu kubwa kama yai.

Tukaliita kovu. Ripoti ya mwanzo niliandika mimi: jeraha jekundu, muundi wa kulia, la asili. Hatukujiuliza kovu la miaka ishirini linakuwaje jekundu. Hekaya ilitaka kovu pale, nasi tukaliona.

Ramadhani ya mwaka huo iliangukia majira ya joto, na jua la Toronto likifika Juni halina haraka ya kuzama. Saa kumi na saba bila tone la maji. Nilimwendea sheikh wa msikiti wetu kumuuliza kama kuweka pamba ulimini kunafunguza. Alifikiri, akaniomba nimweleze tena kazi yangu, nikaeleza, akaniuliza kama huko kulamba picha ninalipwa. Mwishowe akasema maadamu simezi chochote sina neno. Lakini mimi nilijua kilichokuwa juu ya picha ile, na isitoshe kinywa changu ikifika adhuhuri hakikuwa na mate ya kumpa hata nzi. Bwana Anselmo akajitolea. Kila asubuhi alisukutua mara tatu, akageukia dirishani kwa heshima, akanijazia kikopo kidogo cha kioo, akakifunika na kunikabidhi kama mtu anayetoa damu.

Kosa lilizaliwa kwenye kikopo hicho. Ukitumia ulimi wako mwenyewe, huwezi kukosa kutazama pamba, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayerudisha pamba chafu kinywani. Ulimi ndio msimamizi wako. Kikopo hakisimamii mtu. Unachovya, unazungusha, unachovya nyingine, na mkono unaanza kukimbia wenyewe. Siku ya tisa ya mfungo nilikuwa mguuni kwa mfalme, kichwa kimejaa mawazo ya uji wa jioni, nikachovya na kuzungusha, nikachovya na kuzungusha, na nilipotazama nilikuwa na pamba sita nyekundu zimelala kwenye sahani. Muundi wa mfalme ulikuwa mweupe.

Niliita jina la Bwana Anselmo kwa sauti ambayo sijaitumia tena. Alikuja polepole, alivyokuja siku zote. Hakuutazama mguu. Alitazama pamba.

"Mama Salma, kaa chini," akasema. "Hii si rangi. Rangi ya mafuta ya miaka mia mbili haiwezi kutoka na mate. Hata yangu."

Nilikaa. Zile pamba zilikuwa zinaanza kukauka, na kingo zake zikaanza kumetameta kijani, kama bawa la inzi. Hapo nikaijua. Kwa miaka kumi na moja niliishika chupa yake mkononi kule Tanga. Ilikuwa ile dawa nyekundu ya vidonda, ambayo sisi wa rika fulani wote tumepakwa magotini. Bwana Anselmo akazima taa, akawasha ile ya zambarau tunayokagulia rangi, na pamba zikawaka kijani pale gizani.

"Sasa nani anampaka mfalme dawa?" akauliza.

Tulipoweka kioo cha kukuzia juu ya muundi tukaona kilichokuwa chini yake: mstari mwembamba, mweupe kidogo kuliko ngozi, umepinda, umechorwa kwa brashi ya nywele chache na mtu aliyejua kovu kuukuu linavyokuwa. Bwana Anselmo alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Mate yake yalikuwa yamegundua kovu la kweli. Aliandika daftarini: dawa ya vidonda, si ya asili, imeondolewa, kovu la mchoraji limeonekana. Kwa sheria zote za kazi yetu tulikuwa tumefanya vizuri, na yeye alikwenda kuchemsha chai.

Lakini mimi sikufurahi, na nataka mjue kwa nini. Hakuna mtu anayepanda kiti kumpaka dawa mtu wa kwenye picha bila sababu, na doa lile halikuwa la siku moja. Lilikuwa na tabaka juu ya tabaka. Siku ileile ilinipasa kupiga simu Unionville. Sikupiga. Ningepiga ningelazimika kusema kwamba dawa ile sikuamua kuiondoa. Iliondoka nikiwa nawaza uji. Niliona aibu, na aibu ikaniambia kwamba Bwana Anselmo ameridhika, ripoti itaeleza, na mteja aliomba picha isafishwe, na imesafishwa. Zikapita wiki mbili na nusu. Tukaondoa vanishi ya zamani, tukaziba nyufa, uso wa yaya ukatoka mzuri mno.

Jumatano ya wiki ya mwisho Nizar akapiga simu kuuliza saa ya kuja Jumamosi. Tukakubaliana saa tano. Kisha akasema:

"Auntie, one more thing. Mummy anauliza, ule mguu mwekundu hamjaugusa, right? Aliniambia niwaambie from the beginning, mimi nilisahau. Sorry, eh."

Nilimwambia picha inaendelea vizuri sana. Hilo halikuwa jibu, lakini yeye alilipokea kama jibu, akanishukuru.

Bwana Anselmo Ijumaa hakuwepo. Alikuwa Mississauga kwenye sherehe ya ndoa ya dada yake, miaka hamsini na mume mmoja, jambo alilolisimulia kwa mshangao. Nilikuwa peke yangu na picha. Nilitoa ile picha ya kamera tuliyoipiga kabla ya kazi, nikaiegemeza kwenye sanduku la rangi, nikachanganya rangi ya maji nyekundu na kahawia kidogo, nikampaka mfalme jeraha. Ilinichukua dakika ishirini. Lilikuwa jeraha zuri kuliko lile la mwanzo. Kovu la Mfaransa lilizama chini yake lote, na nikaosha brashi.

Jumamosi Bwana Anselmo alifika, akavua kofia, akasimama mbele ya picha kwa muda wa kusoma sala fupi. Alinitazama.

"Umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Akaleta daftari, akafungua ukurasa, akanipa kalamu yake. Niliandika: jeraha jekundu, rangi ya maji, limewekwa nami, Zuhura. Herufi nilizibana zikawa ndogo kama mayai ya chawa, ndiyo maana Neema hawezi kuusoma mstari ule. Alisoma, akanisahihisha tarehe, akafunga.

"Daftari limeambiwa," akasema. "Bado watu."

Walifika saa tano kasorobo. Bi Shirin alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miaka themanini na kitu, sweta mwilini katikati ya joto, raba nyeupe, mkoba aliuweka mapajani na kuushika kwa mikono miwili. Tulimwekea kiti. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya Moshi kabisa, akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanga, akasema Tanga walikuwa na samaki wazuri. Kisha nikaondoa kitambaa.

Alianza na mbwa. Alikuwa amesahau kwamba kuna mbwa. Akaja kwa beseni, akaja kwa uso wa yaya, akakaa hapo sana, akasema huyu mama amechoka. Halafu macho yake mapya yakashuka mguuni. Alitabasamu mpaka nikaona meno ya bandia, ambayo, nikiri, yalikuwa yametengenezwa vizuri.

"Bado iko," akasema. "Nizar, njoo uone. Dawa ya baba yako bado iko."

Akaanza kutusimulia. Mumewe alikuwa mtu wa kimya, hakujua kubembeleza watoto. Walikuwa na sita kule Moshi, wote wakorofi, kila siku goti la mtu limechunika, na dawa ile iliwatisha kwa sababu waliidhani ni iodini, ambayo inaunguza. Basi kila aliyeletwa analia, baba yao alimbeba hadi kwenye picha, akafungua chupa, akampaka kwanza yule bwana mguuni. Akamwambia mtoto: tazama huyu, umesikia akilia? Mtoto anatazama, anasubiri, yule bwana halii. Ndipo na yeye anatoa goti. Ilikuwa hivyo kwa watoto sita, miaka kumi na tatu. Walipoambiwa wanaweza kubeba vitu vichache tu, mumewe hakuchagua kabati, alichagua picha. Hakusema kwa nini, na yeye hakuuliza, kwa kuwa alijua.

"Hii hukuniambia hata siku moja," Nizar akasema.

"Wewe ulizaliwa huku," mama yake akamjibu. "Wewe ni wa plasta."

Akaendelea. Alituambia ni mtoto yupi aliyepakwa mara nyingi, na yule ambaye alijikwaruza makusudi ili abebwe. Alikuwa amesogeza kiti karibu na picha, kidole chake kimoja kikizunguka hewani juu ya doa bila kuligusa. Nilimtazama Bwana Anselmo. Alikuwa anatazama nje ya dirisha. Kama ningenyamaza, mwanamke yule angeondoka na furaha yake, angeitundika ukutani, na angekufa bila kujua. Nililiwaza hilo, sitawadanganya, nililiwaza mpaka akamaliza na mtoto wa nne.

"Bi Shirin," nikasema, "dawa ya mume wako niliifuta mimi. Ilitoka nikiwa siangalii. Hiyo unayoiona ni rangi yangu, nimeipaka jana."

Kidole kikasimama hewani. Nizar akaanza kusema kwa Kiingereza kwamba ni kitu kilekile, inaonekana the same, Mummy, hata mimi sioni tofauti. Mama yake akamwambia anyamaze. Mzee wa watu akanigeukia mimi. Hakukasirika usoni. Uso ulifunga tu, kama duka.

"Futa," akasema.

Nilichukua pamba na maji safi, nikafuta jeraha langu mbele yake. Lilitoka kwa mizunguko minne. Safari hii nilitazama kila pamba. Akaomba kioo cha kukuzia, nikamshikia, akainama juu ya ule mstari mweupe ambao hakuna mtu nyumbani kwake aliyewahi kuuona.

"Hiki ni nini?"

Nikamweleza kwamba ndilo kovu lenyewe. Kwenye hekaya mfalme aliumizwa na nguruwe mwitu akiwa kijana, na siku ile anaoshwa miguu lilikuwa limekwisha kupona zamani sana.

"Limepona?"

"Tangu mwanzo, Bi Shirin."

Akainuka kutoka kwenye kioo. "Miaka kumi na tatu," akasema, "baba Nizar anampaka dawa mtu mzima." Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda sikujua ni kicheko au kilio, na nadhani hata mwanawe hakujua, kwa kuwa alisogea kisha akarudi nyuma. Alipotulia alifungua mkoba, akafuta macho, akatoa pipi mbili, akampa Bwana Anselmo moja na nyingine akaila. Mimi alisema ananiona nimefunga.

Pamba zile sita nyekundu zilikuwa bado kwenye bahasha yake, yenye namba na tarehe. Nilimuuliza kama anazitaka. Alifungua bahasha, akachungulia, akaifunga, akaitia mkobani. Nizar na Bwana Anselmo wakateremsha picha hadi garini. Sisi wawili tulishuka nyuma yao, yeye akishika mkono wa ngazi na mimi nikishika kiwiko chake, na kwenye ngazi ya mwisho akasimama. Niliomba radhi tena. Akasema amesikia mara ya kwanza.

"Dawa ingetoka siku moja, hata mimi nilijua," akasema. "Lakini wewe uliniacha nisimulie. Niliisimulia kwenye rangi yako. Siku nyingine, mwanangu, mwambie mtu kabla hajaanza."

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine kadhaa, na sikuacha kukosea. Nimetoboa turubai la picha ya mtu kwa kiwiko. Nimempa mchungaji mmoja wa Kiskoti, kwenye picha yake, shavu moja jekundu kuliko jingine. Yote yamo daftarini, na mnaweza kunicheka mkipata nafasi. Ila wenye picha waliambiwa kosa langu mlangoni, makoti bado mwilini, theluji inawatiririka viatuni, wengine hata glovu hawajavua. Walinikasirikia palepale, na baadhi hawakurudi tena. Bi Shirin naye hakurudi.